Redio Inayogomea 90

Njia panda ya Mtambile, Pemba, pale inapochepuka barabara ya Kengeja, dereva wa Noah anayengoja abiria anazungusha kitufe cha redio. Namba zinapanda hadi 90, basi. Redio haijaharibika. Gari iliundwa kwa ajili ya Wajapani, na kwao FM kwa miaka mingi ilianzia 76 ikaishia 90, ilhali huku vituo vimetandazwa kati ya 88 na 108. Fundi atachomeka kidude cha kuteremsha mawimbi nyuma ya redio, dereva atatoa pesa, na bado namba ya kwenye kioo haitalingana na ile anayoitaja mtangazaji.

Hapo hakuna aliyemkusudia dereva ubaya. Lakini gharama imemfikia yeye, na toleo hili linaanzia hapo: kiwango cha mawimbi, yaani makubaliano ya namna vyombo vinavyosikilizana, ni bidhaa, na serikali huigombea kama wafanyabiashara wanavyogombea karafuu.

Mwaka 2003 China ilitangaza kwamba vifaa vyote vya Wi-Fi vitakavyouzwa kwake vitumie mfumo wake wa usalama, WAPI. Siri ya mfumo huo yalipewa makampuni machache ya Kichina tu, kwa hiyo mgeni aliyetaka kuuza ilimlazimu kushirikiana na mshindani wake. Machi 2004 mawaziri wawili wa Marekani, Colin Powell na Donald Evans, pamoja na mwakilishi wa biashara Robert Zoellick, waliandika barua ya kupinga. Mwezi uliofuata Beijing ikaiweka amri yake kando. Kumbe ugomvi wa nywila na antena unaweza kuamuliwa na waziri wa mambo ya nje!

Karibu na kwetu mvutano ulikuwa wa televisheni. Mwaka 2010 nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kufuata mfumo wa Ulaya, DVB-T2, huku Japani na Brazil zikiunadi wa kwao. Botswana ikajitenga mwaka 2013 na kuchukua wa Kijapani. King'amuzi cha mfumo mmoja hakisomi mwingine, kwa hiyo kila aliyeshinda alijihakikishia wanunuzi wa miaka mingi. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012. Asiye na king'amuzi aliamkia mwaka mpya na chenga kwenye kioo.

Siku hizi jina kubwa ni Huawei, kampuni ya China. Marekani iliibana mwaka 2019, na Uingereza mwaka 2020 ikaamuru vifaa vyake ving'olewe kwenye mitandao ya 5G kabla ya mwisho wa 2027. Usalama unatajwa, na huenda ni kweli. Soko nalo limo, hata likitajwa kwa sauti ya chini.

Serikali zetu haziwezi kukaa nje ya mivutano hii. Zinachoweza ni kuhesabu mapema, kabla ya kutia saini: televisheni ngapi zitakufa, king'amuzi kitauzwa shilingi ngapi mjini Mkoani, nani atafidiwa. Masafa ni jambo la Muungano, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Leseni za utangazaji Zanzibar ziko chini ya Tume ya Utangazaji ya huko. Mwenye lalamiko na abishe hodi milango yote miwili, king'amuzi mkononi.