SIMU HAIUONI MWEZI



Kila jioni ya 29 Shaaban tunarushiana picha: programu ya nyota imechora mwezi juu ya ziwa, na chini yake maneno "umeonekana, kesho tunafunga." Umeonekana na nani? Simu inapiga hesabu kwa tarehe na mahali ulipo, kisha inachora. Mawingu haiyajui. Jaribu leo saa sita usiku: fungua Stellarium, ondoa picha ya ardhi, elekeza simu chini. Itakuchorea jua chini ya miguu yako. Utasema umeliona jua?

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunga kwa kuuona, na ukifichwa na mawingu tutimize siku 30. Shahidi ni Muislamu mwadilifu, si picha.

Sisemi mzime simu. Anayeziita programu hizi unajimu naye kachanganya mambo. Mnajimu anakuuzia bahati. Hizi zinakwambia mwezi uko upande gani na utazama saa ngapi. Hiyo ni falaki, na masheikh wameisoma karne nyingi. Zikionesha mwezi umezama kabla ya jua, anayedai kauona tumhoji vizuri.

Musoma tuna neema, jua linazama ziwani. Butiama pandeni kilimani. Simu ikae mbali na mabati na pikipiki, dira inapotoka. Darubini usiielekeze magharibi mpaka jua lizame lote, utapofuka. Ukiuona, muite mwenzako auone, kisha mpigieni sheikh wa wilaya kabla ya kugusa WhatsApp.