Aanzaye Kuvua Baharini kwa Chambo cha Manyoya Aanze na Elimu, Si na Vifaa

Miongoni mwa njia za kuvua kwa ndoana, iko moja inayodhaniwa kuwa ngumu na ghali kuliko zote. Ni ile ya kurusha chambo bandia kilichofungwa kwa manyoya ya ndege, nywele za wanyama au nyuzi, mfano wa mdudu, kamba, kaa au samaki mdogo. Wengi huihesabu kuwa mchezo wa matajiri. Kwa sababu hiyo kijana apendaye kuijaribu huelekezwa kwanza dukani, akatazame fimbo na magurudumu ya mshipi, na mwisho huelekezwa kwenye bahari yenyewe. Utaratibu huo umepinduka. Aanzaye njia hii anahitaji kwanza kuielewa bahari na samaki wake, pili kuufundisha mkono wake, na vifaa vije mwisho. Asiyefuata mpango huo hupoteza fedha zake, na lililo baya zaidi, huwaua bure samaki anaodhani kuwa amewaachia huru.

Asili ya njia hii

Uvuvi huu ulianza mitoni. Mwandishi wa Kirumi Aelianus, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, aliwaeleza watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwadanganya samaki wa mtoni. Katika Afrika Mashariki pia njia hii ilijulikana kwanza milimani. Samaki aina ya trauti waliletwa katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20, na wavuvi wao wakaja na fimbo zao.

Baharini njia hii ilishika nguvu baadaye sana. Mwaka 1947, katika visiwa vya kusini mwa Florida, Joe Brooks akiongozwa na Jimmie Albright alionyesha kwamba samaki wa maji ya kina kifupi wanaweza kutafutwa kwa makusudi na kunaswa kwa chambo cha manyoya. Mwaka 1974 Lefty Kreh, mwalimu mashuhuri wa urushaji, alitoa kitabu juu ya uvuvi huu katika maji ya chumvi. Chambo alichokibuni kilipata heshima ya kuchapwa kwenye stempu ya posta ya Marekani mwaka 1991. Leo wavuvi wa njia hii husafiri hadi visiwa vya mbali vya Shelisheli, kama Alphonse na Kosmoledo, kwa ajili ya kolekole na samaki wengine wa mafungu.

Somo la kwanza ni maji

Mvuvi wa mtoni huyakuta maji mahali pale pale kila siku. Mvuvi wa baharini hana bahati hiyo. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, na kwa hiyo kila siku saa ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Katika visiwa vya Florida, ambako kanuni nyingi za mchezo huu zilitungwa, tofauti ya maji aghalabu haifiki mita 1. Ni dhahiri basi kwamba kitabu cha Florida hakiwezi kunakiliwa neno kwa neno huko Watamu au Mafia.

Samaki hufuata maji kwa sababu chakula hufuata maji. Mfano mzuri ni samaki wa jamii iitwayo kisayansi Albula, anayesakwa sana na wavuvi hawa. Ana rangi ya fedha, mbio nyingi, na mdomo ulioelekea chini. Maji yanapoanza kujaa hupanda kwenye mafungu ya mchanga na majani ya bahari, akafukua kaa, kamba na chaza wadogo, na kuwasaga kwa magego yaliyo kooni. Maji yanapokupwa hurudi kwenye kina. Mvuvi aliyesimama juu ya fungu hilo saa isiyofaa, hata akiwa na fimbo ya thamani kubwa, anarusha chambo mahali pasipo samaki.

Elimu hii si ngeni pwani. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza miambani huijua siku ya bamvua bila kufungua jedwali. Wavuvi wa mishipi na madema wanajua samaki gani hupatikana wakati wa kusi na gani wakati wa kaskazi. Mwanafunzi anayeanza atafanya busara kuketi na watu hao kabla ya kusoma orodha ya bei. Kisha achukue daftari, aandike kwa mwezi mzima saa za maji, upepo, rangi ya maji na samaki aliowaona. Daftari hilo litakuwa kifaa chake cha kwanza, na halina bei.

Somo la pili ni mkono

Mvuvi wa mshipi wa kawaida hufunga chubwi ya risasi karibu na ndoana. Uzito wa chubwi ndio unaokwenda mbele na kuuvuta mshipi nyuma yake. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kutosha kufanya kazi hiyo, na hapa ndipo penye siri ya mchezo wote: uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe. Mshipi wa kuruka ni mnene, na hupimwa kwa namba kulingana na uzito wa mita 9 hivi za mwanzo. Namba 8, inayowafaa wengi wanaoanza baharini, ina uzito wa gramu 13.6 katika urefu huo. Chambo kinachorushwa nao huweza kuwa na nusu gramu tu. Kwa kuwa nishati ya mwendo ni nusu ya uzito ukizidishwa kwa mraba wa kasi, mshipi huo ukienda kwa kasi ile ile ya chambo huwa na nishati mara 27 kuliko yake. Mshipi ndio unaoruka. Chambo ni abiria.

Fimbo nayo, ambayo kwa kawaida ina urefu wa mita 2.7, hupindwa na uzito wa mshipi na kuhifadhi nishati kama upinde. Mkono ukiongeza kasi taratibu kisha ukasimama ghafla, fimbo hunyooka na mshipi huondoka ukiwa umejikunja mfano wa kitanzi kinachojikunjua kuelekea mbele. Ncha ya fimbo ikisafiri katika mstari ulionyooka, kitanzi huwa chembamba na hukata upepo. Ikisafiri kwa duara pana, kitanzi hufunguka na hewa hukizuia. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuitumia fimbo kama panga la kufyekea majani. Kuongeza nguvu hakuliponyi kosa hilo, hulizidisha.

Mafunzo haya hayahitaji bahari. Uwanja wa mpira wa shule unatosha. Ndoana iondolewe na mahali pake pafungwe kipande cha sufu, kisha tairi la baiskeli lilazwe umbali wa mita 10 liwe shabaha. Atakayeweza kulilenga mara nyingi kwa umbali huo, halafu kwa mita 15 upepo ukivuma, ana faida kuliko arushaye mita 25 bila kujua chambo kitaangukia wapi. Seti moja ya chama cha sayansi inaweza kutumiwa na darasa zima kwa zamu, na mwalimu wa fizikia atapata hapo mfano hai wa nishati, kasi na ukinzani wa hewa.

Wakati wa kurusha kwa ndoana halisi, upepo uvume kutoka upande usio na mkono unaorusha, ili mshipi usisukumwe kuelekea usoni. Kofia na miwani ni lazima. Fimbo za siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme. Radi ikisikika, mchezo umekwisha. Majini miguu ivae viatu na iburutwe polepole juu ya mchanga, ili taa aliyejifukia apate nafasi ya kuondoka.

Somo la tatu ni macho

Katika maji ya kina kifupi mvuvi humtafuta samaki kwa macho kabla ya kurusha. Kinachomzuia ni mng'ao wa juu ya maji. Nuru inayorudishwa na maji hutetema zaidi katika bapa la ulalo, hasa inapoyapiga kwa pembe ya nyuzi 53 kutoka wima. Miwani maalumu inayozuia nuru ya ulalo huuondoa mng'ao huo, na aliyeona kioo kitupu huanza kuona mchanga, majani na vivuli vinavyotembea. Kama fedha ni chache, miwani hiyo ina haki ya kununuliwa kabla ya fimbo ya pili.

Samaki naye anaona. Kwa sababu nuru hupinda inapoingia majini, dunia yote ya juu humfikia kupitia dirisha la duara lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Mtu aliyesimama wima na kupunga fimbo huonekana dirishani humo; aliyeinama hubanwa kwenye ukingo wake. Somo la nuru la kidato cha sekondari linamtosha mvuvi kujua kwa nini ainame.

Kumwachia samaki si hisani ya bure

Wavuvi wengi wa mchezo huu humrudisha samaki majini na kujihesabu kuwa hawakumdhuru. Hapa ndipo ujinga wa anayeanza unapogharimu uhai. Samaki aliyepigana kwa muda mrefu huwa ametumia misuli yake bila oksijeni ya kutosha. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 6.2 hivi. Basi katika bahari ya joto samaki hupona kwa shida zaidi. Akitolewa nje, nyuzinyuzi za matamvua hushikamana na kupumua hukoma.

Utafiti wa Andy Danylchuk na wenzake, uliofanywa Eleuthera katika visiwa vya Bahama na kutangazwa mwaka 2007, uliwafuatilia samaki wa jamii ya Albula baada ya kuachiwa. Wale waliopoteza uwezo wa kujisawazisha majini walikuwa na uwezekano zaidi ya mara sita wa kuuawa na maadui zao kuliko waliojisawazisha. Mvuvi alimwona samaki akiondoka. Hakuwaona papa na mzia waliomngoja mbele.

Kwa hiyo yako mambo ambayo anayeanza hana budi kuyashika kabla ya samaki wake wa kwanza. Atumie uzi wenye nguvu ya kutosha ili pambano liwe fupi. Ndoana isiwe na kile kijiti cha nyuma kinachoizuia kuchomoka, au kibanwe kwa koleo. Samaki ashikwe kwa mikono iliyolowa, maana ute wa ngozi yake ni kinga, na abaki majini wakati ndoana inatolewa. Picha, kama ni lazima, isimweke hewani zaidi ya sekunde chache. Asiachiwe mpaka asimame sawa na kuogelea kwa nguvu zake. Papa wakionekana karibu, uvuvi wa mahali hapo usimame.

Wako wasemao kwamba kumvua samaki na kumrudisha ni kucheza na chakula cha watu. Hoja hiyo ina uzito, hasa mahali ambapo samaki mmoja ni kitoweo cha nyumba nzima. Avuaye apate kula, akachukua kiasi cha haja yake mahali panaporuhusiwa na kumwua samaki upesi, hana deni kwa yeyote. Deni liko kwa avuaye kwa ajili ya mchezo. Huyo amejitwika wajibu wa kuhakikisha kwamba samaki anaishi, na wajibu huo hautimizwi kwa nia njema bila maarifa. Vilevile ajue mipaka. Katika hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, uvuvi hauruhusiwi hata kwa atakayemrudisha samaki. Na kwingineko ofisi ya uvuvi iulizwe kabla ya mshipi kulowa.

Shule za pwani zina nafasi ambayo fedha haiwezi kuinunua: maabara yao hujaa na kupwa mlangoni mara mbili kwa siku. Yafaa zianze na daftari la maji, ziende uwanjani na kipande cha sufu, kisha ziingie majini na ndoana butu ya nyuma. Vifaa vitapatikana baadaye, kwa wingi au kwa uchache. Mwanafunzi aliyefuata njia hiyo huenda asinase kitu katika siku zake za mwanzo, lakini atajua kwa nini hakunasa. Na siku atakayonasa, samaki wake atakuwa na haki ya kuogelea tena.