Kabla Fedha za Korosho Hazijaishia kwenye Cherehani cha Kompyuta

Mmezoea kunisoma nikiandika juu ya kupulizia mikorosho salfa, nafasi za kupandia ufuta na jinsi ya kuzuia dumuzi asimalize mahindi. Leo natoka shambani kidogo, ila sitoki kwenye fedha za shamba.

Kila msimu malipo ya korosho yakishaingia benki, simu yangu hujaa swali la aina moja: "Afisa, nimeona mashine ya kompyuta, inashona na kudarizi yenyewe. Unaonaje?" Na swali hilo huja na video ya dakika moja. Ndege wa rangi saba anatokea kwenye kitambaa cheupe, mkono wa mtu hauonekani, muziki unapigwa.

Nautoa msimamo wangu mapema. Kwa walio wengi hapa Namasakata, cherehani cha kompyuta cha nyumbani si cha kununua kwanza, na hata cha pili si hicho. Wanaowaambia kinyume chake, wakiwemo baadhi ya sisi watumishi, wanawaingiza kwenye deni.

Nianze na kosa langu

Sisemi haya kwa kuwa mimi ni mjuzi. Nasema kwa kuwa nilikosea. Kikundi cha kina mama watano kiliniomba niwasaidie kuandika mchanganuo wa kuomba mkopo wa halmashauri. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, lakini unarudishwa. Wao walitaka vyerehani vya kawaida. Mimi, kijana wa stashahada ninayependa vitu vya kisasa, nikawaambia mchanganuo wenye neno "kompyuta" utaonekana wa maana mezani. Ukapita. Mashine ikaja.

Ilikuwa na fremu ya kudarizia ya sentimita 10 kwa 10. Wa kwanza kuja alikuwa baba aliyetaka kanzu ya mwanawe idariziwe kifuani, urefu wa shubiri na zaidi. Haikuenea. Shule ikaleta nembo yake ikiwa picha kwenye simu. Mashine haisomi picha. Miezi mitatu baadaye niliikuta imefunikwa kitambaa safi, haina hata mkwaruzo. Mama mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Mwanangu, tulikuomba jembe, ukatuletea redio." Sijalisahau neno hilo.

Mashine yenyewe haikuwa mbovu, na sina ugomvi na aliyeiunda. Iliundwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani Ulaya, Marekani au Japani, anayedarizi mto wa kochi Jumapili kwa kujifurahisha. Janome ya Japani ilitoa Memory Craft 8000 mwaka 1990 kwa wateja wa namna hiyo. Ugomvi wangu ni na anayemuuzia mama wa Namasakata chombo hicho kana kwamba ni kiwanda.

Hesabu ambayo video haikuonyeshi

Video ile imeharakishwa. Cherehani kidogo cha nyumbani, kikidarizi, kinapiga mishono kama 400 hadi 650 kwa dakika. Tuchukue nembo ya shule yenye mishono 8,000, na mashine ya mishono 400. Hizo ni dakika 20 za kudarizi tupu. Kina sindano moja, kwa hiyo nembo ya rangi tatu inakulazimu usimame kubadilisha uzi. Ongeza kukaza nguo kwenye fremu na kukata nyuzi. Nusu saa imekwenda kwa nembo moja.

Siku ya saa 8, umeme usipokatika, ni nembo 16. Tuseme unatoza shilingi 1,500 kila moja: ni 24,000. Toa 6,000 ya nyuzi, umeme na kitambaa cha kushikilia kinachowekwa chini ya nguo. Inabaki 18,000. Mashine tuseme imekugharimu milioni 2. Unahitaji siku 112 za kazi kamili kurudisha fedha yako, na bado hujajilipa jasho lako. Shule ya wanafunzi 300 inakupa kazi ya siku 19 tu, kisha imekwisha. Kwa hiyo unahitaji karibu shule sita za ukubwa huo, zote zinataka nembo ya kudarizi, zote zinakupa kazi wewe. Bei hizi ni za mfano. Weka za kwako, halafu hesabu shule zilizopo kwa mwendo wa bodaboda kutoka mlangoni pako.

Kuna jambo jingine. Chombo hiki kikidarizi hakishoni, na kikishona hakidarizi. Kina mama watano wamekizunguka, mmoja anafanya kazi, wanne wanatazama ndege.

Fedha iko wapi kijijini?

Iko kwenye mshono ulionyooka. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, sare bado ni jukumu la mzazi. Januari ikikaribia kila nyumba inatafuta shati, kaptura na sketi ya marinda, na fedha za korosho huwa zimeingia. Msimu wa jando na unyago ukifika, watu wanataka vitenge vipya na kanzu mpya. Kazi hizo zinataka cherehani imara kisichochoka. Butterfly au Singer ya kukanyaga inaifanya bila luku, na fundi wa kuitengeneza yupo karibu. Zipo Singer zilizonunuliwa na babu zetu ambazo zinashona mpaka leo.

Cha pili kununua, kwa maoni yangu, ni overloki. Waulize mafundi wetu: wangapi wanabeba nguo mpaka mjini ili tu pindo lizungushwe lisifumuke? Kila nguo inayotoka kijijini kwenda overloki ni fedha inayotoka pamoja nayo. Kikundi chenye vyerehani viwili vya kawaida na overloki moja kinaajiri watu watatu kwa wakati mmoja, na kinawahudumia mafundi wengine wote wa kata.

Na kudarizi je? Fundi stadi anadarizi kanzu kwa cherehani cha zigizaga, akiongoza kitambaa kwa mikono yake kwenye fremu ya duara. Ujuzi huo haufutiki umeme ukikatika. Mfundisheni binti mmoja huo kwanza.

"Afisa anapinga maendeleo"

Najua nitaambiwa hivyo, kwa hiyo najibu. Wa kwanza atasema: umeme umefika vijijini, kuunganishiwa ni shilingi 27,000, kwa nini tubaki kwenye kukanyaga? Kweli, umeme umefika nami nashukuru. Tena mashine hizi hazili umeme mwingi. Lakini umeme kufika ni jambo moja, na umeme kutulia ni jingine. Nguvu ikipanda na kushuka, taa hucheza tu. Bodi ya kompyuta huungua, na bodi haichomelewi na fundi wa baiskeli.

Wa pili atasema: mjini wanatajirika kwa mashine hizi. Nenda ukaangalie vizuri. Wengi wanaopata kazi za shule nyingi, fulana na kofia wanatumia mashine kubwa ya biashara, yenye sindano nyingi hata 15, inayobadilisha rangi yenyewe na kufika mishono 1,000 kwa dakika. Hiyo si ndugu wa mashine ya kwenye video. Ni kama kulinganisha trekta na jembe la mkono kwa kuwa vyote vinalima.

Wa tatu ni mtumishi mwenzangu anayependa mradi utakaopendeza kwenye picha ya uzinduzi. Kwake nina neno moja: pawatila. Tulizishangilia enzi za Kilimo Kwanza, na kila mmoja wetu anajua angalau moja iliyoishia kuota nyasi nyuma ya ofisi kwa kukosa spea. Tumekwisha kulipa ada ya somo hilo. Tusiwalipishe kina mama mara ya pili.

Kama umekwisha kuamua, chagua hivi

Wapo wachache wanaofaa kununua. Una duka lenye wateja wa kudumu, vyerehani vya kawaida unavyo, umeme wako ni wa kuaminika, na umekwisha kupata oda za maandishi, siyo ahadi za mdomo. Huyo namwambia anunue, lakini kwa macho mawili.

1. Tazama fremu. Ya sentimita 10 kwa 10 ni ya nembo ndogo tu. Tafuta angalau 13 kwa 18. Mashine haiwezi kudarizi nje ya eneo lake, hata ukinunua fremu kubwa zaidi ya uwezo wake.

2. Soma kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni volti 230. Mashine nyingi za bei rahisi mtandaoni zimetengenezwa kwa soko la Marekani la volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja unaweza kuipoteza siku hiyo hiyo. Nunua pia kilinda umeme.

3. Uliza inasoma faili gani na kwa njia gani. Brother husoma PES, Janome husoma JEF, DST ya Tajima inatumika sana kwenye mashine za biashara. Faili liingie kwa flashi. Jua mapema ni nani atakugeuzia nembo kuwa faili la mishono na kwa bei gani. Hii ndiyo gharama inayofichwa kuliko zote.

4. Kama kushona una vyerehani vingine, usilipie mashine ya kazi mbili. Chukua ya kudarizi peke yake yenye eneo kubwa.

5. Nenda dukani na kitambaa chako: kitenge, sweta na kanzu. Idariziwe mbele yako kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ukiwa na saa mkononi. Muuzaji akikataa, rudi na fedha zako.

6. Pata jina la fundi anayeitengeneza na mahali pa kupata sindano, bobini na spea. Kama jibu ni "utatupigia Dar", hesabu nauli na siku za kukaa bila kazi.

7. Dai dhamana ya maandishi na risiti. Kikiharibika, ujumbe wa simu hautakutetea.

Ukishindwa kujibu hata swali moja kati ya haya saba, bado hujawa tayari. Ukisubiri msimu mmoja hupotezi kitu, na korosho zitauzwa tena mwakani.

Kile kikundi changu? Tumekaa pamoja tukafanya uamuzi mgumu. Mashine inatafutiwa mnunuzi mwenye duka mjini Songea, kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia. Wakati huo huo kina mama wameazima vyerehani viwili vya kukanyaga na wanashona sare. Marejesho ya mkopo yanatoka kwenye sketi za marinda, hayatoki kwa yule ndege wa rangi saba.

Kabla hujasaini mkopo au kutuma fedha kwa muuzaji usiyemjua, pita ofisini kwangu na karatasi ya hesabu. Tutakaa chini tuipige pamoja, na safari hii nitawasikiliza kwanza mnachokitaka nyinyi.