Ng'ombe wa Kaka, Ndoa ya Dada

Mwezi huu nawaletea kitabu kinene cha mapanga, wafalme na mazimwi. Najua wengi wenu mliiona hadithi yake kwenye TV kati ya 2011 na 2019, tena mkiwa wawili kwenye kochi. Lakini kitabu chenyewe, A Game of Thrones cha Mmarekani George R. R. Martin, kilitoka 1996, nacho ndicho kilichofungua mfululizo mzima.

Watu wakikizungumzia, wanabishana nani akalie kiti cha enzi. Mimi nataka tuongee kuhusu ndoa moja tu.

Viserys na mdogo wake Daenerys ni watoto wa mfalme aliyepinduliwa. Wanaishi uhamishoni, hawana jeshi wala shilingi. Kaka ana kitu kimoja tu cha kutoa: dada yake. Anamwoza kwa Drogo, kiongozi wa wapanda farasi, ili apewe jeshi la kurudisha ufalme. Binti ana miaka 13. Hakuna anayemuuliza kitu.

Sasa mpe kitabu hiki msomaji wa Tarime au Mugumu. Mazimwi atayaona mageni, lakini hesabu ya Viserys ataielewa bila kufafanuliwa. Kwa mila ya Wakurya, ng'ombe wanaoingia kwa ndoa ya binti ndio kaka yake huwatoa akaoe. Kwa hiyo kijana anaweza kukaa akisubiri dada aolewe ndipo naye aanze maisha.

Mila hiyo ina uzuri wake, tusiidharau. Mahari huunganisha koo, na kaka anajua kabisa kwamba nyumba yake imesimama kwa ajili ya dada. Lakini angalia upande wa pili. Siku dada akisema ndoa imemshinda, ng'ombe wanatakiwa kurudi, na ng'ombe wenyewe walishavuka kwenda kwa wakwe wa kaka. Yaani "hapana" yake moja inatikisa nyumba mbili, pengine tatu. Hapo ndugu wote wanakuwa na sababu ya kumwambia avumilie. Si lazima wawe watu wabaya, wanaogopa tu kudaiwa.

Na binti anapokuwa mdogo, hata hiyo "hapana" hana. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Huko Mara kuna jambo jingine tena: ukeketaji. Binti akishakeketwa huhesabiwa yuko tayari kuolewa. Ndiyo maana likizo ya Desemba inapofika, kuna mabinti wanaokimbilia Masanga kule Tarime, au nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti. Hao wameamua kusema "hapana" mapema, kabla ng'ombe hawajafika.

Najua mtaniambia, "Lakini si mwishowe Daenerys alimpenda Drogo?" Kweli, alimpenda, na akawa mwanamke jasiri kuliko kaka yake. Ila jamani, upendo uliokuja baadaye hauwezi kuhalalisha biashara ya mwanzo. Yule binti alitengeneza maisha kwa kile alichoachiwa. Tumsifu yeye, tusiwasifu waliomuuza. Na Viserys mwenyewe? Aliendelea kudai malipo yake mpaka Drogo akamvika taji alilolitaka, la dhahabu iliyoyeyushwa. Dada alikuwa pale, akitazama.

Sasa nageukia kwako kaka uliyeko Mwanza, Musoma au Dar, mwenye ajira na mshahara wako. Una nafasi ambayo baba yako pengine hakuwa nayo. Unaweza kununua ng'ombe wako mwenyewe, hata kama harusi itachelewa miaka miwili. Piga simu nyumbani useme wazi: mdogo wangu amalize shule, ndoa yangu isimngojee yeye. Neno hilo likitoka kwako lina uzito, maana wewe ndiye uliyetajwa kuwa sababu.

Na nyie wapenzi mnaopanga kuoana, kabla ya kubishana ukumbi na rangi za sare, ulizaneni: hii mahari inatoka wapi? Kama jibu ni dada, basi msiishie kuulizana nyie wawili. Mtafuteni dada mwenyewe, kaeni naye bila wazee, mumsikilize anataka nini. Akisema bado, ahirisheni.

Tukutane mwezi ujao.