Kuliko Moja, Majibu Manne

Msimu wa maembe ukifika, soko la Mbumbuni, Makueni, hugeuka darasa la kulinganisha. Mama anayeuza maembe ya aina ya apple humwambia mteja kwamba lake ni tamu kuliko ngowe. Jirani yake hajibu kwa hasira, anasema tu kwamba ngowe lina maji mengi kuliko hilo apple, tena bei yake ni ya chini. Broka aliyekuja na lori anaapa kwamba ya mwaka huu ni madogo kuliko ya mwaka jana, na kila aliye pale anajua kwa nini anaapa. Hakuna anayekosea sarufi. Hata mtoto anayemshikia nyanya yake sarafu anafuata kila neno, na akidanganywa chenji atajua ni kiasi gani kimepungua.

Jioni mtoto huyohuyo yuko mezani na karatasi ya marudio, zile zinazouzwa madukani zikiwa na majibu ukurasa wa mwisho. Swali limeandikwa: "The mangoes in our market are cheaper than ______ in Nairobi." Majibu ni manne: that, those, them, they. "That" anaiondoa mara moja, kwa sababu maembe ni mengi. "Those" inamtatiza. Alifundishwa kwamba ni neno la kuonyesha kwa kidole vitu vilivyo mbali, na kutoka Mbumbuni Nairobi haionekani. "They" anaipita bila kuijali. "Them" anaisikia kila siku darasani, katika "leave them" na "bring them", basi anapaka penseli hapo. Kesho patawekwa alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Kinachouma ni kwamba jibu alikuwa nalo kinywani mchana kutwa. "Maembe ya hapa ni rahisi kuliko ya Nairobi": ile "ya" ya pili, iliyosimama peke yake baada ya kuliko, ndiyo "those" ya Kiingereza. Inafanya kazi ileile ya kusimama mahali pa maembe yasiyotajwa mara ya pili. Mtoto akiiacha, akasema maembe ya hapa ni rahisi kuliko Nairobi, mzee mwenye utani atamwuliza Nairobi inauzwa bei gani. Mantiki yote ya swali lile imo katika silabi moja ya Kiswahili, ila hakuna aliyemwambia mtoto kwamba aliingia darasani akiwa ameibeba.

Hapa ndipo ugomvi na maswali haya unapoanzia. Yanadai kupima kama mtoto anaweza kulinganisha, na mara nyingi hupima kama masikio yake yamezoea mlio wa Kiingereza. Mtoto wa nyumba inayozungumza Kiingereza mezani halazimiki kufikiri, maana jibu baya linamkwaruza sikio. Wa Mbumbuni, anayeamka kwa Kikamba, anacheza kwa Kikamba na Kiswahili, kisha anakutana na Kiingereza ubaoni, hana sikio hilo. Ana akili tu, na karatasi haikuiuliza akili.

Kwa karibu miaka arobaini jambo hili lilikuwa na uzito wa maisha. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulianza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua, mbali na insha, na jumla ya masomo yote katika miaka ya baadaye ilikuwa alama 500 zilizoamua nani aende shule ya kitaifa na nani abaki ya kutwa. Swali moja la "than" au "as" lilikuwa punje tu katika gunia hilo, lakini wazazi wanakumbuka watoto waliokosa shule kwa alama mbili tatu. Siku hizi kuna KPSEA ya gredi ya sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na KJSEA ya gredi ya tisa, iliyoanza mwaka 2025. Mtaala umebadilika jina na mavazi. Karatasi za marudio za madukani hazijapata habari.

Kiswahili hulinganisha bila kugusa kivumishi. Mrefu ni mrefu, awe anashindana na mmoja au na kijiji kizima. Kuliko lenyewe ni neno la mahali, ku-li-ko, pale palipo: Mutua ni mrefu kuliko Musyoka, yaani ukimweka pale alipo Musyoka, urefu uko kwa Mutua. Pia tuna kupita na kushinda, vitenzi vya mwendo na mapambano. Kikamba nacho, kama lugha nyingi za Kibantu, hakina mkia wa kubandika kwenye kivumishi. Kiingereza kina mikia miwili, -er na -est, na juu ya hiyo kina "more" na "most" kwa maneno marefu, halafu kina "good" inayogeuka "better" bila kuaga. Ndiyo maana sheria ya "the taller of the two" na "the tallest of the three" humchanganya mtoto wetu. Katika lugha zake mbili hakuna mpaka kati ya wawili na watatu. Wenye Kiingereza chao hawauheshimu sana pia. Mtu akitaka kujikaza husema anatanguliza "best foot", na hajulikani binadamu mwenye miguu mitatu ya kuchaguliwa.

Chukua sasa kosa linalopigiwa kelele kuliko yote, "more better". Mwalimu akilisikia hushika kichwa. Lakini mtoto amelitoa wapi? Nyumbani husikia "bora zaidi" kutoka kwa watu wenye heshima zao, na redioni pia. Bora tayari ina ushindani ndani yake, na zaidi inaongezwa bila aibu. Afadhali ni vivyo hivyo. Lilitoka kwenye Kiarabu likiwa tayari na maana ya kilicho bora kuliko kingine, nasi tunasema "afadhali zaidi" na anga halidondoki. Shakespeare mwenyewe alirundika alama mbili za kulinganisha juu ya kivumishi kimoja, tena katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Enzi za Shakespeare hilo halikuwa kosa. Mwaka 1762 ndipo Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye akawa Askofu wa London, alipotoa kitabu chake cha sarufi kilicholaani mazoea hayo, na vitabu vya shule vikafuata. Kwa hiyo mtoto wa Mbumbuni anayeandika "more better" ana kosa, ndiyo, kwa kipimo cha leo. Ila kosa lake lina ukoo wa kifahari.

"Taller then" ni hivyohivyo. Zamani "than" na "then" yalikuwa neno moja katika Kiingereza, yakatengana polepole kwa tahajia na kazi. Mtoto anayachanganya kwa sababu kwa sikio lake ni mlio mmoja.

Na "prefer"? Maelfu ya watoto huandika "I prefer tea than coffee" kwa kuwa Kiswahili kina kuliko moja ya kila kitu: napenda chai kuliko kahawa, chai ni tamu kuliko kahawa. Kiingereza kinadai "to" baada ya "prefer", na pia baada ya "superior", "inferior", "senior" na "junior". Sababu ni kwamba maneno hayo yalikuja kutoka Kilatini na desturi zake, kama mgeni anayefika na mto wake wa kulalia. Sababu hiyo inafundishika kwa dakika tano, na mtoto akiielewa hasahau. Bila sababu hiyo, swali la "superior than" au "superior to" ni pata potea: penseli moja, vishimo vinne, na Mungu ni mkubwa.

Halafu kuna tashbihi. Vizazi vya watoto wa Ukambani vimekariri kwamba mtu ni "as cool as a cucumber" na nguo ni "as white as snow". Tango linajulikana, ila katika jua la Makueni ubaridi wake ni wa kuazimwa. Nyuki ni habari nyingine. "As busy as a bee" inaingia bila kubisha hodi, kwa kuwa mizinga inaning'inia mitini tangu enzi za mababu na asali ya Kitui ina jina nchi nzima. Theluji nayo ina kisa chake papa hapa. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Johannes Krapf, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mkuu Kivoi, aliona kwa mbali weupe juu ya Mlima Kenya. Mwaka mmoja kabla, mwenzake Rebmann alikuwa ameuona weupe kama huo Kilimanjaro. Wataalamu wa jiografia waliokaa Ulaya waliwacheka, kwamba theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Krapf huyohuyo alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Mwalimu anayefundisha "as white as snow" bila kumtaja Kivoi na mgeni wake aliyekodoa macho kaskazini ameacha nyama akatafuna mfupa.

Wapo watakaosema huku ni kutetea uvivu. Watasema Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili kwa Katiba ya 2010, kwamba kazi na vyuo vinakidai, na kwamba maswali yakilegezwa watoto wa vijijini ndio watakaoumia. Hoja ya mwisho ni nzito. Vijijini hakuna anayetaka mtihani wa huruma. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi watoto wa enzi zake walivyovishwa kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya mama. Waliopita katika shule za namna hiyo hawahitaji kuambiwa kwamba Kiingereza ni mlango. Swali ni kama kishimo cha penseli ndicho ufunguo.

Mifano ya nje inasema sicho. TOEFL, mtihani wa Kimarekani ulioanza mwaka 1964 na ambao Wakenya wengi wamelipia kwa jasho, ulikuwa na sehemu maarufu ya muundo wa sentensi iliyojaa mitego ya "as many as" na "that of". Toleo la intaneti lilipoanza mwaka 2005, sehemu hiyo haikuwamo. Badala yake mtahiniwa husoma, husikiliza, huzungumza na kuandika. Uingereza nayo ilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya na Kenya mwezi Julai 2021, na muuguzi anayetaka kwenda huko kwa njia ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS anatakiwa apate 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Katika kazi ya kwanza ya kuandika ya mtihani huo anapewa chati au jedwali na kuambiwa aeleze anachokiona kwa maneno yasiyopungua 150. Hapo ni kulinganisha mwanzo mwisho: hiki kilipanda kuliko kile, mwaka huu ni mara mbili ya ule. Hakuna A, B, C wala D. Msichana wa Mbumbuni aliyefunzwa kuchagua "those" katika maneno manne, lakini hajawahi kulitoa mwenyewe kichwani, atakwama mbele ya chati hiyo.

Kuna hata jambo la hesabu ndani yake. "Three times as many" na "three times more" huwagombanisha Waingereza wenyewe, na Kiswahili hakijanusurika. Mtu akisema mavuno ni mara tatu zaidi, je, ni magunia 30 badala ya 10, au ni 40? Broka na mkulima wanaweza kukosana kwa hilo. Swali kama hilo linafaa mtihani wa lugha yoyote, kwa kuwa jibu lake lina pesa ndani.

Basi maswali yanayouliza mantiki yabaki, yale ya "that of" na "those of", ya mara mbili na mara tatu, ya nani analinganishwa na nini. Na yafundishwe kwa kuanzia na ile "ya" ambayo mtoto anaijua. Darasa la gredi ya tano linaweza kuandika "kuliko ya Wote", yaani ya mji wa Wote, ubaoni, likaandika "than those in Wote" chini yake, na kuchora mshale. Yale ya desturi tupu, kama "superior to", yafundishwe pamoja na kisa chake, lakini yasipewe kazi ya kumtoa mtoto shuleni.

Na mtahini akitaka kweli kujua kama mtoto wa Mbumbuni anaweza kulinganisha kwa Kiingereza, amchoree jedwali la maembe: apple, ngowe, Kent na Tommy, bei ya kila moja kijijini na bei ya Nairobi. Amwambie aandike sentensi nne. Nyanya yake ataketi pembeni akimenya la kuonja, maana bei hizo anazijua kuliko aliyetunga swali. Mtoto huenda akaandika "more cheaper" mahali pamoja na apoteze nusu alama. Katika sentensi ya tatu, akitaka kusema kwamba ya Nairobi ni ghali kuliko yao, atakaa kidogo, atatafuta kitu cha kuweka mahali pa ile "ya", na ataandika "ours".