Barabara si ya magari peke yake

Vijana wenzetu wa Kalunguta, Butembo na Beni,

Simama asubuhi kando ya RN2 hapa Kalunguta, angalia ni nani anapita. Wamama wenye mizigo mgongoni, watoto wanaenda masomo, kinga, chukudu zimejaa makala. Sisi wenye kutembea ndio wengi, lakini njia yote iko ya magari na moto. Wakipiga honi, sisi tunaingia mtaroni.

Breki ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokanyagwa na mguu. Kwenye mteremko, haiwezi kusimama ghafla mbele ya gari kubwa.

Tunaomba mambo mawili. Ndani ya senta, upande mmoja wa barabara utengwe kwa mawe: wa miguu, kinga na chukudu. Na matuta yawekwe mbele ya shule, soko na hospitali.

Madereva watasema njia itakuwa nyembamba. Ni kweli, watachelewa dakika kidogo. Lakini mtoto akigongwa, harudi.

Wengine watasema hiyo ni mambo ya Wazungu. Hapana! Kigali ni jirani: tangu 2016, kuna Jumapili wanafungia magari barabara kubwa ili watu watembee na kupanda kinga.

Mawe tuko nayo, mikono pia. Office des Routes na viongozi wa eneo waje wapime, watoe ruhusa. Sisi tutafanya salongo.

Barabara ni ya sisi wote!