Sandoa: Ng'ombe wa ferma, mihogo ya jirani, na masikilizano yasiyoandikwa

Katika teritware ya Sandoa, mbali na mashimo ya shaba na kobalti ya Kolwezi, watu wengi wanaishi kwa mihogo na mahindi. Ng'ombe kumi wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi mama mwenye shamba hana tena bukari ya miezi inayokuja. Mwenye ferma naye, moto wa pori ukipita katika nyasi zake mwezi wa nane, kundi lake linabaki na njaa mpaka mvua irudi. Kila mmoja anashika maisha ya mwenzake mkononi, hata kama wamegawanywa na senyenge.

Jambo hili linapata uzito leo. Sandoa ni moja ya teritware 5 za Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ilikatwa vipande vinne. Rais Tshisekedi amesema mara nyingi kwamba udongo ulipize kisasi juu ya mali ya chini ya udongo, maana yake kilimo na ufugaji vishinde migodi. Si wazo jipya. Tangu wakati wa Wabelgiji, kampuni kama Elakat zilifuga ng'ombe Katanga ili wafanyakazi wa migodi wapate nyama. Leo Kolwezi imepanuka, na nyama ya barafu kutoka inje imejaa sokoni. Mwenye franga anayetafuta nyasi na maji, ataangalia upande wa Sandoa.

Lakini hapa kuna tofauti kubwa. Kule Kolwezi, kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni kutia sahihi daftari la majukumu pamoja na wenyeji, na kutoa 0,3% ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Mwenye ferma ya ng'ombe hayumo katika sheria hiyo. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inasema kwamba ugomvi juu ya mashamba ya wenyeji upitie kwanza kwenye upatanisho kabla ya kufika tribinali. Ni vizuri, ila upatanisho unakuja wakati watu wamekwisha kugombana.

Basi ujirani wenyewe unabaki kwa mdomo. Shefu wa kijiji anakumbuka kwamba kijito kiliachwa wazi kwa wote, kapita wa ferma anakumbuka vingine. Shefu akikufa ao kapita akibadilishwa, masikilizano yanakufa naye.

Mambo ya kuandika si mengi. La kwanza ni moto: siku gani vijiji na ferma watachoma pamoja ukanda wa kuzuia moto, mapema, wakati nyasi hazijakauka sana. La pili ni maji na njia: mahali ng'ombe wanakunywa, na mahali mama na watoto wanapita na madumu yao. La tatu ni hasara: nani anahesabu mihogo iliyoharibika, na kwa siku ngapi inalipwa. La ine ni ugonjwa. Kupe haujui senyenge. Ferma ikiogesha ng'ombe wake kwa dawa, na ng'ombe wachache wa jirani wakiachwa bila dawa, kupe watarudi tu. Kumsaidia jirani ni kujilinda pia.

La tano ni kukopesha ng'ombe, ile desturi ya metayaje inayojulikana katika majimbo mengi ya Kongo: familia inapewa majike na dume, kisha inarudisha kwa ndama. Hapo hesabu iwe ya kweli. Jike anabeba mimba miezi 9, na mara nyingi anafika karibu miaka 3 ndipo anazaa mara ya kwanza. Anayedai ng'ombe wake warudi kisha miaka 2, anamtia jirani katika deni, hamsaidie. Tena iandikwe ni nani anabeba hasara kama ng'ombe akikufa kwa ugonjwa.

Wasomaji wa Ituri na Kivu wanajua mwisho wa mambo yakiachwa hivi hivi. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 vilianzia katika ugomvi wa ardhi za konsesio. Masisi, wakulima wangali wanatoa siku za salongo kwa mwenye ferma ili wapate mahali pa kulima. Sandoa haijafika huko, na kwa hiyo huu ndio wakati mzuri.

Karatasi moja inatosha, isomwe kwa sauti kwa Kiruund, Kichokwe na Kiswahili mbele ya watu wote, na mama wenye mashamba wakiwa ndani, si wanaume peke yao. Kopi moja kwa shefu wa grupema, moja kwa ferma, moja kwa ofisi ya teritware. Iandikwe mbele ng'ombe hawajashuka kwenye kamio, maana kisha mihogo kuliwa, kila mtu anakuja na hesabu yake.